Aliyemwandika Tadei

Nicholaus alipiga simu saa nne asubuhi kusema kwamba Tadei lazima afe.

Hedwiga alikuwa amepiga magoti mchangani, anageuza usipa, dagaa wa ziwani, juu ya chanja, simu kaibana kati ya sikio na bega. Mikono yake ilinuka samaki mpaka viwikoni. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Nicholaus alikuwa mhariri wa kampuni moja ya vitabu huko Dar es Salaam, na Ziwa Nyasa hakuwahi kulitia machoni. Alimjibu kwa upole wa nesi aliyeficha sindano mgongoni. Riwaya ya vijana, alisema, hata iwe ya maajabu namna gani, hata iwe na watu wanaopumua majini, lazima iwe na gharama. Nangoro, shujaa wa riwaya yenyewe, hawezi kushuka chini ya ziwa, akapigana na Bwana wa Matope, kisha akarudi juu na wenzake wote wazima kama watu waliotoka harusini. Mmoja abaki. Na msomaji yeyote mwenye akili anajua kwamba wa kubaki ni Tadei.

"Mpe sura moja tu," alisema. "Afe vizuri. Ukinitumia hiyo, kitabu kinaingia mtamboni mwezi ujao."

Hatua kumi kutoka pale mama mkwe wake, Eliza, alikuwa anafukuza kunguru kwa upande wa kanga. Asubuhi ile, kama asubuhi zote, Hedwiga alikuwa amemwamkia shikamoo, naye akajibu "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho, kama mtu anayejibu kengele ya kanisa. Sasa aliinua macho.

"Ni yule wa kitabu?"

"Ndiye, Mama."

"Mwambie jina la mwanangu waliandike vizuri. Wasilikosee."

Hedwiga alimwambia Nicholaus kwamba amesikia, akakata simu, akaendelea kugeuza usipa.

Kwa maana Tadei walikuwa wawili.

Tadei wa kwanza alikuwa mtoto wa Eliza na mdogo wa Florian, mume wa Hedwiga; alikuwa mvuvi wa pale Lituhi aliyependa kucheka kuliko kula. Huyo ndiye aliyemsumbua shemeji yake wiki baada ya wiki: niandike na mimi, shemeji, unaandika majitu usiyoyajua na mimi niko hapa. Siku zile Hedwiga alikuwa na mwaka wa pili akiandika hadithi kwenye simu, na ile ya Nangoro ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, sehemu moja kila Ijumaa, na vijana wa Mbinga, Songea mpaka Mbeya, waliomaliza kidato cha nne na hawana pa kwenda, walitoa mia tano mia tano kuingizwa kwenye kundi la watsapu waisome. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mapera, kule milimani, mtoto wa kahawa na mahindi. Alifika ziwani akiwa bibi harusi, na mpaka leo hajui kuogelea. Alipotaka kuwaza nchi ya chini ya maji aliiwaza kwa kitu pekee alichokijua: milima iliyochimbwa ngoro, shimo kando ya shimo kama mashamba ya Wamatengo kwao, ila ndani ya kila shimo badala ya maharage kunaota mwanga.

Wanaume wa pwani ile ya ziwa walimcheka sana. "Chini ya ziwa kuna ngoro?" Tadei alimuuliza. "Nyie watu wa milimani mkifa mtachimba mashimo hata mbinguni." Lakini alitaka aandikwe, akaandikwa. Katika sehemu ya kumi na moja mvuvi aitwaye Tadei alianguka kutoka mtumbwini, watu wa chini wakampokea, wakamkabidhi jembe. Tadei mwenyewe aliisoma kwa sauti mbele ya wavuvi wenzake, akigeuka huku na huku kama mtu aliyevaa suti mpya.

Baada ya siku nane mtumbwi wake ulirudi bila mtu, taa ya kuvulia bado imefungwa pale pale alipoifunga.

Walimtafuta siku tisa. Habari zilipelekwa Mbaha na vijiji vyote vya pwani, asipatikane. Mambo yakitokea watu husema imeandikwa, wakanyamaza, kwa sababu mwandishi wake hakai nao kijijini. Safari hii alikaa nao. "Si yule pale anageuza usipa?" walisema wanawake bombani, na ndoo zao hazikusogea kumpisha.

Desturi yao ilijulikana. Mtu akizama asionekane, ukoo hukata mgomba, huuvika sanda, huuzika kwa jina lake, ili matanga yaanuliwe na walio hai walale. Baba mdogo Pankras, mzee wa kanisa, alilileta neno hilo mara tatu, na mara tatu Eliza alilikataa. Badala yake alikwenda jikoni, akamsimamia Hedwiga mbele ya Florian, akamwambia maneno ambayo nyumba ile iliishi nayo miaka miwili.

"Wewe ndiye uliyempeleka huko. Basi mtunze huko huko."

Tangu siku ile, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Hedwiga alikaa kando ya chanja akamsomea mama mkwe hadithi kutoka kwenye simu. Eliza hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alisikiliza kama hakimu, na alisahihisha. Mwanangu hali mhogo uliolala. Mwanangu hajawahi kushika jembe, mbona unamlimisha kila siku kama punda wa watu, mpe hata Jumapili apumzike. Hedwiga akampa Tadei Jumapili. Vijana wa kwenye kundi walishangaa chini ya ziwa kumepata lini Jumapili. Hawakujua kwamba sheria ile ilitungwa na mwanamke mmoja mwenye magamba ya samaki kwenye kanga.

*

Florian alikuwa uani, anaziba nyavu. Hedwiga alimweleza aliyoyasema Nicholaus, akamwambia pia kwamba amefikiri abadilishe jina, huyo wa kwenye kitabu aitwe mtu mwingine kabisa, afe huyo mwingine.

Wote wawili walikuwa wanakumbuka siku Eliza alipoambiwa kwamba hadithi itapigwa chapa. Aliuliza kama majina ya watu huwa yanabaki humo hata mvua ikinyesha. Akaambiwa yanabaki. "Mwanangu hana kaburi wala msalaba," akasema. "Jina lake walipige humo. Huo ndio msalaba wake." Jirani wote walijua. Alikuwa amewatangazia hata watu wa kwaya.

Basi jina halikuondoka, na Nicholaus naye hakuondoka alipo.

"Mwache yule mhariri," Florian alisema mwishowe. "Kitabu kisitoke. Umeishi bila kitabu."

Hedwiga alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimwona kama mtu anayeonwa kwa mbali. Hakumwambia kilichomjia kichwani, lakini sisi tutasema, kwa sababu ni kweli na kinauma. Aliwakumbuka watu. Alimkumbuka karani aliyepita kuandikisha kaya, akamuuliza kazi yake, naye akasema mwandishi. "Wa habari?" Siyo, wa riwaya. Karani alipekua karatasi zake mbele na nyuma. "Hiyo haimo kwenye fomu, mama," akasema, akaandika mkulima. Alimkumbuka baba yake mzazi kule Mapera, aliyemwita faragha kumuuliza kama ni kweli anafuga majini, kwa kuwa mtu mmoja jumuiyani kasema. Aliwakumbuka mawifi waliomwita "mama simu." Miaka minne ameandika, mikono ikinuka usipa, akilindia chaji kwenye sola ya duka la watu, na hakuna kinywa hata kimoja kilichowahi kumwita kwa jina la kazi yake. Alilitaka jina hilo kama mwenye kiu anavyotaka maji, na mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

"Florian," alisema, "mimi siwezi kuishi bila kitabu."

Florian alivuta uzi kwa meno, akaukata.

"Mama hajui kusoma," akasema.

"Najua hajui."

"Basi."

Hilo neno "basi" lilikaa kati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyekubali kwamba kamwalika.

Kifo cha Tadei alikiandika asubuhi moja tu. Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo: kilikuja kwa urahisi, na kilikuwa kizuri. Miaka minne alikuwa akichimba maneno kama mtu anayechimba mawe. Siku ile yalitoka kama maji ya chemchemi. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho machozi yalimshuka. Aliyapangusa, na wakati anayapangusa alijua kwamba hakumlilia shemeji yake. Aliililia sentensi. Alimtumia Nicholaus sura hiyo, na baada ya saa moja Nicholaus akajibu kwa neno moja: "Ndiyo."

Ijumaa ile alimsomea Eliza sura nyingine, aliyoitunga kwa ajili yake peke yake. Humo Tadei alikuwa mzima, amenenepa, na watu wa chini walikuwa wanamtafutia mchumba.

"Wa ukoo gani?" Eliza aliuliza.

Hedwiga hakuwa ameliwaza hilo. Alisema atauliza.

*

Kitabu kilikuja na basi la kutoka Songea ndani ya bahasha ya kaki, nakala tano za mwandishi. Eliza alinawa mikono kwa sabuni kwanza, akaifuta kwenye kanga safi, ndipo akakipokea. Alitaka kuonyeshwa jina. Hedwiga akafungua ukurasa wa kumi na nne, akaliwekea kidole. Eliza alilitazama muda mrefu, akapitisha ukucha chini ya kila herufi. Halafu akaanza kufunua mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, midomo inachezacheza.

"Hili hapa. Na hili. Hili nalo ndilo."

Alikuwa amelikariri umbo lake, kama mtu anavyomtambua mwanawe kwa mgongo katika kundi la watoto. Hedwiga alijaribu kukichukua kitabu taratibu, akisema kitachafuka. Eliza alikivuta. Alifika ukurasa wa mwisho, akateremsha kidole mstari kwa mstari, na uso wake ukafunguka.

"Hili hapa tena. Kumbe mpaka mwisho yumo."

"Mpaka mwisho yumo, Mama," Hedwiga alisema.

Florian aliyekuwa mlangoni alitoka nje.

*

Barua ya mwaliko ilitoka kwa walioandaa siku ya usomaji huko Mbinga mjini. Shule za sekondari zingekusanyika ukumbini, mwanafunzi angesoma sehemu ya kitabu, na mgeni rasmi angesema machache. Mtunzi anakaribishwa pamoja na mzazi. Hedwiga aliificha siku mbili, lakini mtendaji wa kijiji aliyeileta alikuwa amekwisha kuitangaza njia nzima. Eliza akafua kitenge chake cha Pasaka. Alipoambiwa safari ni ndefu na milima ni mikali, alisema mwanawe kenda mbali kuliko Mbinga.

Hedwiga alipiga simu kwa waandaaji mara tatu kuhakikisha kwamba mwanafunzi atasoma sura ya kwanza. Sura ya kwanza haikuwa na ubaya. Ilikuwa na Nangoro, mbuzi na mvua. Wakamwambia asiwe na shaka, mwalimu amekwisha kuelekezwa.

Walifika saa tatu. Mlangoni msichana mwenye orodha hakuliona jina lake, akamuuliza amekuja kwa ajili ya usafi au chakula. Walipompata, alikuwa ameandikwa "Edwiga, vihadithi." Walipewa viti vya mbele, na walipokwisha kukaa wakaondolewa, kwa sababu pale ni pa waheshimiwa, Eliza akainuka na kitenge chake, akainuka tena walipomsogeza mara ya pili ili dereva wa mgeni rasmi apate kiti. Mgeni rasmi alifika saa saba kasoro. Watoto walikuwa wamesinzia, na maua ya plastiki mezani yamepata nzi.

Aliyesoma alikuwa msichana wa kidato cha tatu jina lake Beata, mwembamba, sweta limemzidi mikono. Alikishika kitabu kwa namna iliyomfanya Hedwiga asahau yote ya asubuhi: kilikuwa kimekunjwakunjwa pembeni, kimesomwa mpaka kimelegea. Hakuwahi kukiona kitabu chake kikiwa vile.

"Mwalimu alinipa sura ya kwanza," Beata alisema kwenye kipaza sauti, "lakini naomba nisome ya mwisho. Ndiyo iliyoniliza."

Ukumbi ulicheka kidogo. Mgeni rasmi aliinua kidole gumba: msichana jasiri huyu, aachwe. Hedwiga alinyanyuka nusu. Mshereheshaji alimwona, akampungia mkono wa kumkalisha, akasema dada, zamu yako bado. Akakaa. Tutasema alikaa kwa sababu alikalishwa. Lakini alikuwa na miguu, na kutoka pale hadi jukwaani zilikuwa hatua nane.

Beata alisoma vizuri kupita kiasi.

"Tadei aliitazama kamba. Ilikuwa ya mtu mmoja. Akamfunga Nangoro kiunoni, akakaza fundo la wavuvi, lile ambalo maji hulikaza zaidi badala ya kulilegeza. 'Na wewe?' aliuliza Nangoro. 'Mimi nina shimo langu,' alisema Tadei. Akalala ndani ya ngoro aliyoichimba kwa mikono yake mwenyewe, na udongo wa chini ya ziwa ukamfunika taratibu, kama mama anavyomfunika mtoto ambaye hataki kumwamsha. Mwanga wa shimo lile ukazimika. Hakuna aliyekuja kuuwasha tena."

Hedwiga hakugeuza shingo. Upande wake wa kushoto akaona mkono wa Eliza unapanda juu, kidole kimoja kimenyooshwa, kama alivyowaona wanafunzi wakifanya asubuhi nzima.

Mshereheshaji alifurahi. "Mama yetu ana swali."

Eliza alisimama. "Shikamooni waheshimiwa," alisema, ingawa wengi wao aliwazidi umri. "Mwanangu, naomba urudie hapo pa udongo."

Beata akarudia. Safari hii alisoma polepole zaidi, kwa heshima ya mzee. Alipomaliza ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mgeni rasmi alichukua kipaza sauti akasema hili ndilo tunalolitaka, mnaona hata bibi zetu wanapenda vitabu, elimu haina mwisho. Eliza alingoja makofi yaishe, akasema asante, akakaa. Mtu akampa soda. Aliipokea kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi, gari likiteremka kuelekea ziwani, soda ile ilikuwa bado mapajani mwake haijafunguliwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ile unayonisomea Ijumaa?"

"Naiandika, Mama."

"Unamwandikia nani?"

Hedwiga alisema, "Wewe."

Eliza aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Kumbe nilikuwa napikiwa chungu changu peke yangu," alisema. "Kama mgonjwa."

*

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Eliza alitoa sahani ya Tadei kwenye kabati, ile ya bati yenye ua jekundu, ambayo kwa miaka miwili aliiosha pamoja na nyingine ingawa haikuchafuka. Akampa jirani. Kisha akatuma watu wamwite Pankras, na alipokuja akamwambia msiba upo, mwanangu amekufa, kachimbeni.

Baba mdogo Pankras alivua kofia. Alisema Bwana atukuzwe, alikuwa akiomba siku hii ifike. Akamwagiza Florian akate mgomba nyuma ya nyumba, ule mnene.

"Mgomba wa nini?" Eliza aliuliza. "Mgomba unamjua Tadei? Umetoka naye wapi?" Akageuka kwa Hedwiga aliyesimama kwenye kizingiti. "Vilete vitabu."

Pankras aliomba wazungumze kando. Hawakuzungumza kando, Eliza alimjibu pale pale. Pankras alisema Kanisa halina ibada ya kuzika kitabu, padri hatakubali. Eliza alisema padri hakukubali na mgomba, mbona mgomba mnazika. Pankras alisema watu watacheka.

"Walishacheka," alisema Eliza. "Walimcheka huyu kwamba chini ya ziwa kuna ngoro. Sasa mwanangu kalala ndani ya ngoro. Wacheke tena."

Hedwiga alileta vitabu vitano. Florian, ambaye tangu jana hakuweza kumtazama mama yake usoni, alijikaza akasema tubakize kimoja, Mama, kimoja tu, ni jasho la mwenzio. Eliza alivihesabu kwa kidole.

"Mtu hazikwi nusu," alisema.

Padri hakuja. Lakini watu walikuja, wengi kuliko walivyokuja siku mtumbwi uliporudi, kwa sababu msiba wa namna ile hakuna aliyetaka kuukosa. Alasiri walisimama makaburini, kaburi limechimbwa fupi, kama la mtoto. Vitabu vilikuwa vimeviringishwa sanda nyeupe, na Eliza alivipakata. Pankras aliimbisha wimbo, akasema machache kuhusu mavumbi, akafika mahali ambapo husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alifanya kazi gani, aliugua nini, alikata roho vipi. Akakohoa. Akasema kwa kuwa marehemu alipotea ziwani na hakuna aliyeshuhudia, wataruka hapo.

"Msiruke," alisema Eliza. "Atasoma huyu. Ndiye aliyekuwepo."

Watu wote walimgeukia Hedwiga. Eliza alifungua sanda, akatoa kitabu cha juu, akamkabidhi kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Hakukosea ukurasa.

Hedwiga alisoma. Mwanzoni sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekiri mbele ya baraza. Kamba ya mtu mmoja. Fundo la wavuvi. Wanaume waliovua na Tadei walikuwa mstari wa mbele, wale wale waliocheka, na mmoja alikaa chini ghafla, akafunika uso kwa kofia. Alipofika kwenye udongo unaofunika taratibu wanawake walipiga yowe, na yowe likapokewa mpaka nyuma. Akamalizia. Na katikati ya vilio vile, sikio lake, msaliti yule, likamwambia kwamba sentensi bado ni nzuri.

Alikirudisha kitabu. Eliza alikifungia pamoja na vingine, akawakabidhi waliokuwa kaburini, wakavilaza. Wanaume waliposhika koleo aliwazuia kwa mkono. Alipiga magoti, akachukua udongo kwa viganja, akaumwaga juu ya sanda kidogo kidogo, bila sauti, mpaka weupe wote ukapotea.

Halafu akainuka, akakung'uta kitenge cha Pasaka, akasema sasa leteni makoleo.

*

Nicholaus alipiga simu Ijumaa iliyofuata, saa nne. Alikuwa na habari njema. Shule zimekipenda kitabu, kinapigwa chapa tena, na anataka cha pili mapema. Wanafunzi wanauliza jambo moja tu, alisema, wanauliza kama Tadei atarudi. Katika hadithi za maajabu mtu anaweza kurudi, kuna njia. Hedwiga alisema atafikiri. Nicholaus alimuuliza kama yuko salama, mbona sauti imekauka, akasema ni upepo wa ziwani.

Mchana walikula pamoja. Sahani zilikuwa pungufu moja. Baada ya kula Eliza alitoka kwenda kwenye chanja, na Hedwiga akabaki jikoni ameshika simu. Humo ndani hakukuwa na sura yoyote, si ya vijana wala ya mama mkwe. Lakini ilikuwa Ijumaa, na miguu ilikuwa imezoea. Akatoka.

Usipa ulikuwa mwingi siku ile, umeanikwa mpaka ukingoni, unang'aa. Eliza alikuwa anaugeuza kutoka mwisho wa mbali, safu kwa safu. Hedwiga alipiga magoti mahali pake pa siku zote.

"Shikamoo, Mama."

Eliza alimaliza safu aliyokuwa nayo. Akafukuza kunguru. Akaanza safu nyingine, akageuza samaki mmoja mmoja mpaka mikono yake ikafika karibu na ya Hedwiga, ndipo akainua macho, akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na barua ya serikali.

"Marahaba, mwandishi," alisema, akaendelea na samaki wake.